Tulipe na kunyamaza, ao tuulize?

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mmetuuliza: «Ninyi mliopata nyumba huko ng'ambo, kodi yake mwailipa namna gani? Na mtu akiona amezidishiwa, aweza kusema neno, ao hunyamaza tu?» Leo twawajibu kwa habari ya nyumba yetu wenyewe. Jambo hilo lilitupata mwaka 2023, likatufundisha mengi kuliko tulivyotazamia.

Sisi ni mume na mke, watu wa Uvira. Vita vilitutoa kwetu mwaka 1996. Tulivuka ziwa, tukakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, nchini Tanzania. Kutoka pale tulipelekwa Marekani, na sasa twakaa katika mji mmoja wa jimbo la Iowa. Mmoja wetu afanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama; mwingine atunza wazee. Mwaka 2019 tulinunua nyumba ndogo ya mbao kwa dola 148,000, kwa mkopo wa banki wa miaka 30. Kodi ya nyumba banki yatutoza mwezi kwa mwezi pamoja na deni, kisha yenyewe yailipa serikali. Kwa hiyo kodi ikipanda, twaiona mara moja katika feza za kila mwezi.

Basi mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka 2023 barua ilifika kutoka kwa mthamini wa wilaya, yaani yule ambaye kazi yake ni kukadiria thamani ya kila nyumba. Barua ilikuwa ya karatasi moja tu. Iliandikwa: thamani ya zamani, dola 154,000, thamani mpya, dola 201,000. Tuliisoma mara mbili. Binti yetu wa kwanza, aliyekuwa anamaliza shule ya sekondari, aliisoma mara ya tatu kwa sauti. Hesabu ilikuwa ile ile.

Tulitazamana. Nyumba haikuongezwa hata ubao mmoja tangu mwaka 2021, paa ni lile lile, na kila mvua kubwa ya mwezi wa tano maji yaingia chini. Imepataje dola 47,000 zaidi?

*Woga wetu*

Neno la kwanza lililotutoka lilikuwa hili: «Tulipe, tunyamaze.» Msitucheke. Mtu aliyekaa miaka katika ukimbizi hujifunza kutobishana na orodha. Jina lako limeandikwa? Shukuru. Limeandikwa vibaya? Shukuru hata hivyo, kwa maana wapo ambao hawakuandikwa. Hata kabla ya vita, kule nyumbani, mtu alipomwona mtoza kodi mlangoni hakuuliza sheria yasemaje. Alijiuliza ni nani wa kumsemea. Desturi hiyo tuliifunga katika mizigo yetu, tukavuka nayo bahari.

Tena tulikuwa na haya. Tulisema: nchi hii ilitupokea, watoto wetu wasoma shule bila kulipa, na feza za shule hizo zatoka katika kodi hii hii. Mgeni atalalamikaje mezani?

Lakini binti yetu alisema: «Baba, mama, barua yenyewe yasema mnaweza kuuliza. Tazameni upande wa nyuma.» Tukageuza. Kweli, upande wa nyuma ulieleza njia yote ya kulalamika, na siku zake. Serikali ndiyo iliyotuandikia kwamba twaweza kuibishia. Jambo hilo lilitushangaza kuliko ile hesabu.

*Namna kodi hiyo inavyohesabiwa*

Hapa yafaa tueleze kidogo, kwa maana bila kufahamu jambo hili mtu aweza kugombana na kivuli.

Huko Kongo, sheria ya tarehe 10 mwezi wa pili mwaka 1969 iliigawanya miji na mahali kwa madaraja, na kodi ya nyumba na kiwanja ikafuata daraja la mahali, namna ya nyumba na ukubwa wake. Tena Katiba ya mwaka 2006 iliiweka kodi hiyo katika mapato ya majimbo. Bei ambayo nyumba ingeuzwa sokoni si kipimo chake.

Huku Iowa ni kinyume. Kipimo ni bei ya soko: nyumba hii ingeuzwa kwa kiasi gani siku ya kwanza ya mwaka? Mthamini hukadiria upya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, yaani 2021, 2023 na kuendelea. Baada ya ugonjwa wa Corona watu wengi walitafuta nyumba, na nyumba za kuuzwa zilikuwa chache. Bei zilipanda mno. Katika wilaya ya Polk, ulipo mji mkuu Des Moines, nyumba za kukaa zilipandishwa mwaka ule kwa asilimia 22 hivi, kwa wastani. Yetu, katika wilaya nyingine, ilipanda asilimia 30.

Lakini thamani ikipanda asilimia 30, kodi haipandi asilimia 30. Tangu miaka ya 1970 jimbo lina sheria ya kuzuia, na mwaka 2023 ilisema hivi: thamani ya kutozwa kodi ya nyumba zote za kukaa katika jimbo zima isipande kupita asilimia 3 kwa mwaka kwa sababu ya makadirio mapya tu. Ndiyo maana kila mwaka jimbo latangaza ni sehemu gani ya thamani itakayotozwa. Kwa makadirio ya mwaka 2022 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 54.65. Kwa makadirio ya 2023 ilishuka mpaka asilimia 46.34, kwa sababu nyumba zote zilipanda pamoja.

Tulifanya hesabu. Kwetu mji, wilaya na shule pamoja vilitoza karibu dola 40 kwa kila dola 1,000 za thamani ya kutozwa. Kwa thamani ya zamani tulilipa dola 3,366. Kwa thamani mpya tungelipa dola 3,726. Tofauti ni dola 360 kwa mwaka. Ni feza nyingi kwa watu kama sisi, lakini si ule moto tuliouona siku ya barua. Tena sehemu ya 2023 ilitangazwa baadaye, mwishoni mwa mwaka. Katika mwezi wa nne, tulipopaswa kuamua, hatukuijua. Tulijua tu kwamba ingekuwapo.

Kwa hiyo fahamuni jambo hili: kodi hiyo ni kama chakula cha karamu kinachochangwa na kijiji kizima. Wote wakipandishwa sawasawa, mchango wa kila mmoja haubadiliki sana. Anayeumia ni yule aliyepandishwa kuliko wenzake wa hali moja naye. Swali letu lilikuwa: «Je, nyumba yetu imeandikwa sawa na zile zinazofanana nayo?» Kupanda peke yake hakukutosha kuwa shitaka.

*Tulichokiona katika kadi*

Sheria ya Iowa haikubali mtu aseme tu «Kodi ni nzito.» Yataka sababu: kwamba nyumba imekadiriwa bila usawa na zinazofanana nayo, ao kupita bei yake ya kweli, ao kuna kosa katika maandishi, na mengine machache. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mlalamikaji.

Ofisi ya mthamini yaonyesha hadharani kadi ya kila nyumba: mwaka wa kujengwa, ukubwa, vyumba, hali yake. Usiku mmoja tulifungua kadi yetu pamoja na binti yetu. Iliandikwa kwamba nyumba ina bafu mbili. Tulizihesabu, ingawa tulijua: bafu ni moja. Pengine mwenye nyumba wa zamani alikusudia kujenga ya pili, ao mtu aliandika vibaya, hatujui. Tena iliandikwa kwamba hali ya nyumba ni nzuri. Lakini ukuta mmoja wa msingi una ufa unaoingiza mkono wa mtoto, na maji huingia.

Kisha tulitafuta nyumba zilizouzwa karibu nasi mwaka 2022, zenye umri na ukubwa kama wa yetu. Tulipata tatu. Moja iliuzwa dola 185,000, ya pili 189,000, ya tatu 196,000. Hata moja haikufika 201,000.

Tulifurahi kama watu waliokwisha kushinda shauri. Mmoja wetu alianza kuandika barua usiku ule ule. Mwingine akanyamaza. Alipoulizwa, «Mama watoto, mbona hufurahi?» akajibu: «Na kave je?»

*Jambo la kave*

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo shauri letu lilipokuwa gumu.

Nyumba nyingi za Iowa zina kave, yaani sehemu iliyo chini ya nyumba, ndani ya udongo. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Corona na watoto wote walikuwa nyumbani, nyumba ilitubana. Ndugu mmoja fundi, mtu wa kwetu, alitusaidia siku za Jumamosi. Tulijenga ukuta wa mbao kwa upande usioingia maji, tukaweka sakafu, taa na mlango. Kikawa chumba kizuri. Kijana wetu wa pili alihamia huko na vitabu vyake. Hatukuomba ruhusa ya mji. Hatukujua kwamba yahitajiwa. Tulipokuja kujua, chumba kilikuwa kimekwisha, tukaacha hivyo.

Tulitazama kadi tena. Chumba kile hakimo. Kadi ilitupa bafu tusilokuwa nalo, na haikuandika chumba tulichokuwa nacho.

Sasa tufanye nini? Tukilalamika, mthamini atataka kuingia ndani. Akiingia, atashuka kave. Na ile halmashauri ya kusikiliza malalamiko yaweza kushusha thamani, yaweza kuiacha, na yaweza hata kuipandisha. Usiku tatu tulizungumza jambo hilo baada ya watoto kulala.

Mmoja wetu alisema: «Tuandike habari ya bafu na ufa tu. Tutume picha. Hawataingia.» Mwingine alijibu: «Wakiuliza kama kuna jingine lililobadilika katika nyumba?» «Tutasema hakuna.» «Basi tutakuwa twawaambia: kadi yenu yasema uongo, irekebisheni, nasi hapo hapo twawapa uongo wetu waandike.»

Usiku wa pili tulisema: «Kama ni hivyo, afadhali tusilalamike. Makosa yao na yetu yasawazishane. Wametupa bafu, tumewaficha chumba, tumelipana.» Neno hilo lilipendeza kidogo, kwa maana lilitupa usingizi bila kazi. Lakini halikuwa kweli. Bafu na ufa vilikuwa vyatupunja kuliko chumba kilivyotufaidia. Tuliona hivyo katika nyumba za wengine. Tena tuliwaza siku tutakapouza nyumba, ama siku moto utakapotokea na kampuni ya bima kuuliza chumba kile kilijengwa lini na kwa ruhusa ya nani. Aliyeficha kitu sharti akilinde kila siku.

Usiku wa tatu yule wa kazi ya usiku alikuwa na mapumziko. Alikaa kitambo, kisha akasema: «Mama watoto, kule kambini tulikuwa twaomba siku zote: tazameni hali yetu ilivyo, mwandike ilivyo. Leo kuna mtu yuko tayari kuja kutazama. Sisi ndio tunaomfungia mlango.» Hapo tuliamua. Tungeomba, tena tungefungua nyumba yote.

*Siku ya kutazamwa*

Kule Iowa, tangu tarehe 2 hadi 25 ya mwezi wa nne, mtu aliweza kwanza kuzungumza na mthamini mwenyewe bila kufika mbele ya halmashauri. Wakipatana, walitia sahihi mapatano, basi. Asiyeridhika alikuwa na nafasi hadi tarehe 30 kupeleka malalamiko kwa halmashauri, na baada ya hapo kulikuwa na njia ya kwenda mbele zaidi, hata tribunalini. Hatua ya kwanza haikudai feza wala mwanasheria. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Tulitaja bafu, ufa, maji, na zile nyumba tatu. Mwishoni tuliandika: «Tena kuna chumba tulichojenga katika kave mwaka 2020, nacho hakimo katika kadi yenu.» Binti yetu aliuliza kama kweli tunataka kuandika mstari ule. Tulimwambia auandike vizuri, ueleweke.

Mtu wa ofisi alikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa mtu mzima, mwenye viatu vya udongo na kamba ya kupimia. Alivua viatu mlangoni alipoona vyetu. Alihesabu bafu: moja. Alitia mkono katika ufa, akapiga picha. Kisha alishuka kave. Alipima chumba, akatazama taa, akagonga ukuta. Akatazama kitanda cha kijana wetu, kisha akatafuta kitu ukutani kwa macho.

Akauliza: «Mtoto analala hapa?»

Tukajibu: «Ndiyo, bwana.»

Akasema: «Mimi kazi yangu ni thamani tu, siyo kukagua ujenzi. Lakini hapa hakuna dirisha la mtu kutokea. Moto ukianza kwenye ngazi, atatoka wapi?»

Hatukuwa na jibu. Miaka mitatu mtoto wetu alilala pale. Tuliogopa mthamini asije akakiona chumba; hata siku moja hatukuwaza moto ungemkuta kijana wetu mle.

Usiku ule kijana alirudi juu, akalala sebuleni. Baadaye tulikwenda ofisi ya mji, tukaomba ruhusa kwa kuchelewa, tukalipa. Mkaguzi aliona waya mmoja wa umeme uliofungwa vibaya, tukamlipa fundi mwenye cheti auweke sawa. Chumba kimebaki cha kusomea na kuchezea, si cha kulala, mpaka tupate feza za kukata dirisha.

*Hesabu ya mwisho*

Baada ya siku chache jibu lilikuja. Bafu isiyokuwapo iliondolewa: dola 5,000 chini. Kwa ufa na maji: dola 8,000 chini. Kwa chumba cha kave: dola 6,000 juu. Thamani mpya ikawa dola 194,000 badala ya 201,000.

Mmoja wetu alitaka tuendelee mbele ya halmashauri. Alisema zile nyumba tatu, ukizipima pamoja, ni dola 190,000 kila moja. Mbona sisi 194,000? Tulizitazama tena. Hata moja haina chumba kilichojengwa chini. Basi, tukiongeza chumba chetu, twafika karibu pale pale alipofika mthamini. Hatukuwa na neno lingine la haki la kusema. Kuendelea kungekuwa kutafuta bahati tu. Tulitia sahihi mapatano, tukaacha.

Je, tulipata kiasi gani? Dola 7,000 za thamani, kwa sehemu ya asilimia 46.34, na kwa dola 40 kwa kila 1,000, ni dola 130 hivi kwa mwaka. Kwa miaka miwili, mpaka makadirio mengine, ni dola 260. Kama tungekificha chumba, tukafaulu, tungepata dola 241 kwa mwaka. Kwa hiyo kusema kweli kulitugharimu dola 111 kila mwaka. Twawaandikia hesabu hii wazi, ili msidhani kwamba kweli hulipa siku zote kwa feza.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Mtu yule wa ofisi, alipokuwa anafunga karatasi zake, aliuliza: «Mbona hamjaomba punguzo la mtu akaaye katika nyumba yake mwenyewe?» Hatukujua kama lipo. Wakati ule mtu aliyekaa katika nyumba yake aliondolewa dola 4,850 katika thamani ya kutozwa; aliomba mara moja tu, tena bila kulipa, kabla ya siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Kwetu ilikuwa dola 194 kwa mwaka. Tangu mwaka 2019 tuliipoteza kwa sababu ya kutouliza! Punguzo hilo lilikuwa kubwa kuliko yote tuliyopata kwa kulalamika.

Tulimwambia pia mama mzee jirani yetu, mjane, mwenye nyumba inayofanana na yetu. Thamani yake yeye ilikuwa ya haki. Hakuwa na sababu ya kulalamika. Lakini mwezi wa tano mwaka ule ule sheria mpya iliwaongezea wenye miaka 65 na zaidi punguzo jingine, dola 3,250 mwaka wa kwanza, kisha dola 6,500. Binti yetu alimjazia karatasi mezani petu. Yule mama alituletea keki ya tufaha. Tulikuwa majirani miaka minne bila kujua jina lake la ukoo.

*Mashauri kwa wasomaji*

Ndugu zetu, sheria za mahali na mahali ni mbalimbali, tena hubadilika. Msizitegemee tarehe zetu wala hesabu zetu. Lakini haya tuliyojifunza yafaa popote, Bukavu, Kalemie ao ng'ambo:

Kwanza: Someni karatasi ya kodi siku ile ile ifikapo, pande zote mbili. Siku za kuuliza ni chache, zikipita zimepita.

Pili: Tafuteni kwanza kipimo. Kama ni bei ya soko, tafuteni bei. Kama ni daraja la mahali na ukubwa wa nyumba, ulizeni daraja lenu ni lipi na ukubwa ulioandikwa ni upi. Ombeni maandishi, na kila stakabadhi muitunze.

Tatu: Msilalamike kwa sababu hesabu ni kubwa. Lalamikeni ikiwa si kweli. Hesabu kubwa iliyo ya haki ni deni. Hesabu ndogo iliyo ya uongo nayo ni deni, ingawa hakuna mtu anayelidai bado.

Nne: Kabla ya kumwita mtu aje kutazama nyumba yenu, itazameni ninyi wenyewe mpaka chini.

Mwaka 2025 barua nyingine ya makadirio ilikuja, kwa maana ni kila mwaka wa pili. Thamani ilipanda tena kidogo. Tulikaa mezani, tukafungua kadi, tukaisoma mstari kwa mstari: bafu moja, ufa katika msingi, chumba kimoja katika kave. Tulitafuta nyumba tatu zilizouzwa karibu nasi, tukalinganisha. Safari hiyo hatukuona kosa. Tukalipa, tukanyamaza, wala hatukunyamaza kwa woga. Karatasi tuliiweka katika kisanduku kile kile tulimotunza zamani kadi zetu za kambini.